Harufu ya Petroli Kutoka Riyadh

Gari la Bi Mwanamize liliporudi gereji mara ya nne, Jerioth alilijua kwa harufu kabla hajaliona. Alikuwa chini ya gari la mtu mwingine analegeza nati, petroli mbichi ikamjia puani, na papo hapo akaacha alichokuwa akifanya. Alijivuta akatoka, akasimama anafuta mikono. Lile gari jeupe lilikuwa linaingia polepole, na mwenyewe ndani ameshika usukani kwa mikono yote miwili, midomo ameibana.

Hakukuwa na haja ya kuuliza. Taa ya injini ilikuwa inawaka tena, rangi ya chungwa, vile vile ilivyowaka mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake.

Jerioth alikuwa mtu wa Nakuru, fundi wa magari tangu ujana wake. Alifanya kazi Nairobi miaka mingi, kisha akapata mkataba wa kuja Jeddah wakati gereji moja karibu na Al-Rawdah ilipofungua upande wa wanawake, mafundi wanawake wakiwahudumia madereva wanawake. Ilikuwa imepita miaka kadhaa tangu wanawake waruhusiwe kuendesha, na wateja walikuwa wengi: walimu, madaktari, wajane waliochoka kusubiri kupelekwa.

Bi Mwanamize alikuwa mmoja wa wajane hao. Wazazi wake waliondoka Unguja mwaka wa sitini na nne, yeye akiwa amebebwa mgongoni, wakaja kupanga chumba Balad, mji mkongwe wa Jeddah, na huko ndiko alikokulia, Kiarabu barabarani na Kiswahili ndani. Siku ya kwanza alipoleta gari alimsikia Jerioth akigombana na mtu kwenye simu kwa Kiswahili cha Kenya, akacheka hadi akatafuta pa kukaa. Tangu hapo hakukubali mtu mwingine aliguse gari lake.

Ndiyo maana Jerioth aliona haya. Mtu amekuamini namna hiyo, nawe humpi jibu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa mvuke. Petroli haitulii ndani ya tangi. Kwa joto la Jeddah hugeuka mvuke mchana kutwa, na magari ya siku hizi hayaruhusiwi kuuachia mvuke huo hewani. Hupitishwa kwenye mkebe mweusi uliojaa makaa, makaa yakaushika. Injini ikishapata moto, vali ndogo hufunguka, mvuke ukanyonywa na kuchomwa. Kompyuta ya gari hukagua kama mfumo huo wote umeziba sawasawa. Ikiona mvuke unavuja, au unapita wakati usiopasa, huwasha taa.

Mara ya kwanza Jerioth alikuta mpira wa kofia ya tangi umepasuka, akabadilisha kofia. Mara ya pili alileta mashine ya moshi, akaujaza mfumo moshi mweupe na kuzunguka na tochi akitafuta unapotokea. Haukutokea popote. Alipoifungua vali akaikuta imekwama kwa unga mweusi wa makaa, maana yake mkebe umeoza ndani. Akabadilisha vali na mkebe vyote viwili, akajipongeza kimoyomoyo. Mara ya tatu aliufungua ule mkebe mpya, petroli ikamwagika mikononi mwake kama maji kutoka kwenye sponji.

Petroli yenyewe haitakiwi kufika pale, ila mvuke tu. Fundi yeyote akikuta mkebe umelowa hujiuliza swali moja kwanza, na Jerioth aliliuliza: pampu ya kituoni ikijikata tangi likijaa, huwa wanaongeza?

"Ikikata nawaambia halas, basi," alijibu Bi Mwanamize. "Miye na petroli ya kumwagika wapi na wapi."

Jerioth alimwamini, kwa sababu siku moja alikwenda naye kituoni akaona kwa macho yake. Basi akaulaumu mkebe, pengine ulitoka kiwandani na kasoro. Akaweka mwingine, akabadilisha na kichujio cha hewa, kwamba vumbi la safari za Riyadh huenda limekiziba. Na sasa gari lilikuwa mbele yake linanuka vile vile.

Alivyolifikiria ndivyo lilivyozidi kumpotea. Gari hili lilizunguka Jeddah mwezi mzima, Al-Rawdah hadi Balad, sokoni, hospitali, kwa mashoga zake, bila tatizo. Taa haikuwahi kuwaka Jeddah. Iliwaka kila Bi Mwanamize aliporudi kutoka Riyadh, alikokwenda kila mwezi kumwona mwanawe wa pekee.

"Gari yangu haiipendi Riyadh," alisema Bi Mwanamize. Mara ya kwanza aliposema hivyo Jerioth alicheka. Sasa hakucheka. Alikuwa amewapigia mafundi aliofanya nao kazi Nairobi. Mmoja alisema ni sensa ya tangi, mwingine akasema ni kompyuta, wa tatu akasema mama auze gari. Alikuwa amesoma kuhusu miinuko, kwamba Riyadh iko juu kuliko Jeddah na hewa yake ni nyepesi, akaamini hilo asubuhi na kuliacha jioni.

Yassir, msimamizi wa gereji, alikuja akasimama karibu naye. Alikuwa mtu muungwana, akimsemesha Kiarabu polepole ili amfuate. Alimwambia kwamba gari hilo likirudi tena itabidi liende upande wa wanaume, na kwamba mwenye gereji ameanza kuuliza kwa nini upande wa wanawake unahitaji vifaa vyake peke yake. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma Jerioth. Kisha akamuuliza yeye mwenyewe anadhani ni nini. Jerioth alilitazama gari, akamtazama Yassir, akasema hajui. Hakuwahi kumwambia bosi yeyote neno hilo.

Aliweka mkebe mwingine, akaizima taa, akaomba ruhusa ya siku chache. Alimwambia Bi Mwanamize kwamba safari ijayo watakwenda pamoja.

Waliondoka baada ya sala ya alfajiri. Jerioth aliichomeka skana yake chini ya dashibodi, akaipakata, akawa anasoma namba: kiasi cha mafuta, shinikizo la tangi, vali imefunguka au imefunga. Walipanda milima ya kwenda Taif, kona baada ya kona, na namba zikapanda na kushuka kama inavyotakiwa. Baada ya Taif barabara ikanyooka, jangwa huku na huku, malori na ngamia nyuma ya uzio. Bi Mwanamize aliendesha vizuri, bila papara, akizungumza njia nzima.

Alizungumza zaidi juu ya Usama, mwanawe. Alikuwa mhandisi, ofisi yake Al-Murabba na nyumba si mbali na hapo. Mama alipopata leseni, Usama alimwambia kwamba sheria imeruhusu na yeye hana la kuzuia, lakini hatapanda gari hilo na asisimuliwe habari zake.

"Na kweli hataki," alisema Bi Mwanamize. "Nafika kwake, nakula, nalala, narudi zangu. Gari haitajwi. Utadhani nimekuja kwa miguu."

Jerioth alimuuliza kwa nini basi asipande ndege. Bi Mwanamize akamtazama kidogo kisha akarudisha macho barabarani, akasema hakusomea leseni ile uzeeni ili aiweke kabatini.

Walijaza mafuta katikati ya safari. Pampu ikakata, Bi Mwanamize akasema halas, mhudumu akachomoa bomba. Gari likawaka mara moja. Namba hazikutikisika. Jerioth alizitazama hadi macho yakamuuma, na kadiri zilivyotulia ndivyo alivyozidi kuchanganyikiwa, kwa sababu gari alilokuwa amelipakata kwenye skana lilikuwa zima kabisa.

Usama aliwapokea mlangoni. Alikuwa mtu mzima wa miaka arubaini na ushei, amevaa kanzu, sauti yake ya chini. Alimbusu mama yake kichwani, akamkaribisha Jerioth, akamuuliza habari za Kenya na kama mvua zimenyesha. Mkewe, Huda, akaleta chai na sambusa. Hakuna aliyeuliza wamefikaje. Jerioth alianza kusema kwamba barabara ilikuwa nzuri, akaona Huda anainamia birika, akanyamaza.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Baada ya chakula cha mchana Bi Mwanamize alijinyoosha kitandani, na Jerioth akashuka kwenda kulisikiliza gari tena, maana hakuweza kukaa. Alikuwa ameinama kiti cha nyuma, juu ya tangi, ameunganisha waya wa skana hadi mbele, mlango wa dereva ulipofunguka na Usama akaketi, funguo mkononi.

Alishtuka alipomwona kwenye kioo. Kisha Usama akasema anakwenda hapo kituo cha mafuta tu, dada akipenda ashuke, akipenda abaki. Jerioth alibaki. Hakujua kwa nini alibaki. Aliona tu kwamba mtu asiyetaka kulisikia gari hili alikuwa amerekebisha kiti na vioo bila kutafuta vitufe vyake vilipo.

Kituoni mhudumu aliweka bomba, mafuta yakaingia, pampu ikakata. Jerioth alitazama skana: tangi limejaa. Usama akatoa kichwa dirishani, akamwambia aongeze. Mhudumu akaongeza, pampu ikakata tena. Usama akashuka, akaweka mikono miwili juu ya bodi ya gari, akalitikisa, gari likayumba kushoto na kulia na Jerioth ndani yake, kisha akasema aongeze. Ikakata. Akatikisa tena. Akainama kwenye mdomo wa tangi, akachungulia, na hakumwambia mhudumu inatosha hadi petroli ilipoonekana pale juu.

Kwenye skana shinikizo la tangi lilipanda mahali ambapo Jerioth hakuwahi kuliona likifika, kisha likaanguka ghafla. Petroli ilikuwa imepata njia. Harufu ikaingia ndani ya gari, ile ile ya gereji.

Alitarajia kufurahi. Miezi yote hii alikuwa akiingoja dakika hii, na ilipofika alikaa kama aliyemwona mtu akivaa nguo.

Usama alirudi, akazungusha ufunguo. Injini ikakataa, ikakohoa, ikawaka kwa shida. Jerioth akamuuliza kama hufanya hivi kila mama anapokuja.

"Kila safari," alisema Usama. "Ijumaa, akiwa amelala."

"Kwa nini unaitikisa?"

Usama aliendesha hadi nyumbani. Aliegesha, akazima, akabaki ameshika ufunguo. Alisema safari ya kwanza, akirudi Jeddah, mama alisimama kujaza mafuta mahali fulani baada ya Afif, mji wa jangwani katikati ya njia, simu ikaisha chaji, na kwa muda wa mchana mzima hakuna aliyejua yuko wapi. Yeye alikuwa kazini. Alipiga simu hospitali, alipiga polisi wa barabara, akawa anatembea kwenye korido ya ofisi bila viatu. Jioni mama akapiga simu kutoka nyumbani Jeddah, akasema amefika salama na amenunua tikiti maji njiani.

"Sikumwambia kitu," alisema. "Nilishasema sitaki kusikia habari za gari, sasa nitaanzia wapi? Nikaona nikijaza kabisa kabisa, atafika Taif hajasimama. Taif kuna watu."

Jerioth alimweleza. Alimweleza habari ya mvuke, mkebe, makaa, vali, kwamba tangi huachiwa nafasi makusudi na yeye huiziba, kwamba petroli inayozidi hutafuta njia ikaingia mahali pasipoihusu na kuua kitu kimoja baada ya kingine. Usama, mhandisi, alifahamu haraka. Akauliza kama gari lingeweza kuzimika njiani kwa sababu hiyo. Jerioth alifikiria kumpunguzia, akashindwa. Akasema ndiyo, akisimama mahali na injini ina moto, lingeweza kugoma kuwaka.

Usama alifungua mlango, akatoka na kwenda zake. Funguo aliziacha kwenye gari.

Jioni Jerioth alimwambia Bi Mwanamize kwamba amepata ugonjwa. Alianza kusimulia kwa furaha ya kujilazimisha, hata hajafika nusu akaona uso wa yule mama haubadiliki.

"Nilijua anajaza," alisema Bi Mwanamize.

"Mama, sasa mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza miye najazaje. Hukuniuliza mwanangu."

"Nimebadilisha mkebe mara tatu."

"Na ungeniuliza nisingekwambia." Alikuwa anakunja mtandio wake, anaukunjua, anaukunja tena. "Mara ya kwanza nilipoona mshale umefika juu kuliko juu, nikadhani ni Huda. Halafu nikamwona Usama kwa dirisha, pale kituoni kwenye kona, anaitikisa gari yangu kama mtu anayepepeta mchele. Nikarudi kitandani nikajifanya nimelala. Kila mwezi najifanya nimelala. Hicho ndicho kitu pekee anachonifanyia kwa habari ya gari, Jerioth, na wewe umekwenda kumwambia ni kosa."

Jerioth alijua mfumo mzima wa mvuke, kila vali na kila bomba, na hakujua sasa kama ameponya kitu au ameharibu. Alisema samahani. Bi Mwanamize akasema si kosa lake, kwa sauti iliyosema ni kosa lake, akazima taa.

Asubuhi walishuka na mabegi. Huda aliwaaga mlangoni, Usama hakuonekana. Bi Mwanamize aliketi mbele ya usukani, harufu ya petroli imejaa, akavuta mkanda, asiwashe. Jerioth alimweleza polepole kwamba gari litakwenda, ila ingekuwa vyema kulizungusha mjini kwanza, mafuta yapungue kidogo kabla ya barabara kubwa. Bi Mwanamize aliitikia kwa kichwa na bado hakuwasha. Akauliza, bila kumtazama, kama Jerioth alimwona Usama asubuhi. Jerioth hakumwona.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Usama aliingia akaketi, akalisogeza begi la Jerioth, akafunga.

"Yalla, tuizungushe," alisema. "Fundi kasema ipungue."

Bi Mwanamize aliganda. Kisha akawasha, injini ikakohoa, ikakubali, wakatoka.

Wakazunguka Al-Murabba, wakapita nje ya ofisi ya Usama, wakakunja, wakapita tena. Jerioth aliangalia skana na hakusoma chochote. Kwenye kioo alimwona Usama ameshika kishikio cha mlango hadi vidole vimekuwa vyeupe.

"Mama, taa ya kukunja."

"Nimeiwasha."

"Hujaiwasha."

"Ni hii hapa inalia, husikii?"

"Sasa yule mbele yako anasimama."

"Namwona, Usama. Nina macho."

Wakamaliza mtaa ule. Halafu Usama akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, kwamba akifika Afif asimame, ajaze mpaka ikate tu, ampigie simu. Asipopiga, yeye atakuja. Bi Mwanamize akauliza atakuja na nini, atamfuata mbio kwa gari lake hadi Afif? Usama akasema ndiyo. Jerioth alingoja mama acheke. Hakucheka. Alikunja kushoto, safari hii akiwasha taa mapema mno, ikalia mtaa mzima.

Walimshusha mlangoni kwake. Alizunguka hadi dirisha la dereva, akainama kama anayetaka kusema jambo, akaigusa bodi ya gari kwa kiganja, akaingia ndani.

Barabarani taa ya injini iliwaka kabla hawajafika mbali, kama Jerioth alivyotarajia. Afif walisimama. Bi Mwanamize alijaza mpaka pampu ikakata, akasogeza gari kivulini, akapiga simu. Jerioth alikwenda kununua chai. Aliporudi na vikombe viwili walikuwa bado wanazungumza, ama wanagombana, hakuweza kubainisha; ilikuwa habari ya magurudumu na nani aliyemwambia mama anunue aina ile. Alizunguka gari mara mbili akijifanya anakagua. Chai yake ilipoisha akanywa na ya pili.

Jeddah alibadilisha mkebe na vali kwa mara ya mwisho. Yassir alimuuliza ilikuwa nini. Jerioth alijaribu kumweleza kwa Kiarabu alichokuwa nacho, akasema walikuwa wanazidisha mafuta Riyadh, na Yassir akasema lakini ulimuuliza mama, akakataa. Jerioth akasema kweli, alimuuliza. Yassir akasubiri yanayofuata, hayakuja, akatikisa kichwa na kwenda kupokea gari jingine. Upande wa wanawake uliendelea kufanya kazi.

Mwezi uliofuata Bi Mwanamize alirudi kutoka Riyadh akapitia gereji moja kwa moja. Jerioth alisimama mlangoni akanusa. Hakukuwa na kitu, moshi wa kawaida na uturi wa yule mama. Aliichomeka skana, mfumo mzima, hakuna hitilafu. Alipaswa kufurahi na alifurahi, lakini Bi Mwanamize alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja na uso wa mtu aliyeibiwa.

"Kuna shida, Mama?"

"Anakuja Jeddah wiki ijayo," alisema Bi Mwanamize. "Usama. Anakuja kwa ndege. Halafu kurudi Riyadh anataka nimpeleke miye, na gari hii hii."

"Si hiyo ni nzuri?"

"Anasema njiani tutapokezana. Nusu niendeshe miye, nusu yeye." Alimtazama Jerioth kana kwamba jibu liko kwenye skana. "Sasa hebu niambie, mwanangu. Nimkubalie? Au nimwambie akae pembeni atulie?"

Jerioth alifikiria sana. Alisema hajui, akachomoa waya, akaanza kuukunja taratibu.